Bidhaa mbovu, huduma duni: Haki ambazo mnunuzi hazidai

KATIKA maduka mengi ya mji wa Kerugoya, kama ilivyo Karatina, Nyeri au Embu, pana onyo moja ambalo halikosekani. Ama limechapishwa chini ya risiti, ama limeandikwa kwa wino mwekundu kwenye kibao kilichotundikwa nyuma ya mwenye duka: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Maneno hayo machache humaliza mizozo mingi kabla haijaanza. Mnunuzi aliyerudi na pasi isiyoshika moto, redio iliyonyamaza baada ya siku mbili au viatu vilivyobanduka soli kabla ya Jumapili ya pili huonyeshwa maandishi hayo, akageuka na kuondoka na mzigo wake.

Wengi huondoka wakiamini kwamba sheria iko upande wa mwenye duka. Ukweli ni kinyume. Pale ambapo bidhaa ina kasoro, onyo hilo halimwondolei mwuzaji wajibu wake, liwe limeandikwa kwa wino wa rangi gani. Haki ya mnunuzi imo katika Katiba na katika sheria kadhaa za nchi. Kinachokosekana mara nyingi ni ushahidi, subira ya kufuatilia na ujuzi wa mlango upi ubishwe kwanza.

Makala haya yanaeleza haki hizo, mipaka yake na njia ya kuzidai, hasa kwa mkazi wa mji mdogo aliye zaidi ya kilomita 100 kutoka Nairobi, ambako mashirika mengi ya kumtetea yana makao yake makuu.

Tahadhari ya mnunuzi na mwisho wake

Kwa karne nyingi, biashara katika nchi nyingi iliongozwa na kanuni kwamba mnunuzi ndiye anayepaswa kufungua macho. Akiuziwa mbuzi kwenye gunia, shauri yake. Kanuni hiyo ilifaa soko la kijijini, ambako mtu aliweza kumpapasa ng'ombe, kuonja asali na kuvuta kamba ya katani kupima uimara wake. Haiwezi kumfaa mtu anayenunua simu, betri ya sola au dawa ya kunyunyizia nyanya. Hakuna jicho linaloweza kuona ndani ya chupa hiyo.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya 1893, iliilegeza kanuni hiyo zamani. Inasema kwamba mnunuzi akimweleza mwuzaji kazi anayotaka kuifanya kwa bidhaa fulani, na akautegemea ujuzi wa mwuzaji huyo ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, basi bidhaa sharti iifae kazi hiyo. Pia inasema kwamba bidhaa inayonunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo sharti iwe ya ubora unaokubalika sokoni.

Chukua mfano wa mkulima anayeingia dukani na kusema anataka pampu ya kuvuta maji kutoka mtoni hadi shamba lililo mlimani. Mwuzaji anamchagulia moja. Ikiwa pampu hiyo haina nguvu ya kuyafikisha maji juu, mwuzaji hawezi kujitetea kwa kusema kwamba injini inanguruma vizuri. Aliambiwa kazi yenyewe, naye akatoa ushauri uliotegemewa.

Hata hivyo, sheria hiyo ina masharti yake. Ikiwa mnunuzi aliikagua bidhaa kabla ya kulipa, hawezi kulalamika baadaye kuhusu kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Vilevile, akikaa nayo kwa muda usio wa kawaida bila kumweleza mwuzaji kwamba ameikataa, huhesabiwa kuwa ameipokea. Anayenunua kitu kikuukuu kutoka kwa jirani asiye mfanyabiashara pia hana kinga sawa na ya mteja wa dukani.

Katiba na sheria ya 2012

Mabadiliko makubwa yalikuja na Katiba ya 2010. Ibara ya 46 inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora wa kuridhisha. Kupewa habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu. Kulindwa afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi. Na kufidiwa anapopata hasara au jeraha kutokana na kasoro. Ibara hiyo haiwabani wenye maduka peke yao. Inazihusu pia huduma zinazotolewa na taasisi za umma.

Fikra hizo hazikuzaliwa Kenya. Mnamo Machi 15, 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani aliliandikia bunge la nchi yake ujumbe uliotaja haki za mnunuzi za kuwa salama, kupewa habari, kuchagua na kusikizwa. Tangu 1983, tarehe hiyo huadhimishwa kama Siku ya Haki za Watumiaji Bidhaa Duniani. Mwaka wa 1985 Umoja wa Mataifa ulipitisha mwongozo wake kuhusu suala hilo. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizokwenda mbali zaidi na kuziandika haki hizo katika katiba yenyewe.

Ili kuitekeleza Ibara ya 46, Bunge lilipitisha Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa, nambari 46 ya 2012, iliyoanza kutumika Machi 2013. Humo ndimo linamopatikana jibu la kile kibao cha wino mwekundu. Sheria inamchukulia kila mwuzaji kuwa ametoa ahadi kwamba bidhaa au huduma yake ni ya ubora wa kuridhisha, hata kama hakutamka neno. Inaongeza kwamba sharti lolote linalonuia kuifuta ahadi hiyo ni batili, na kwamba haki za mnunuzi haziondoki kwa sababu alitia sahihi karatasi ya kuzikana. Mkataba ukiwa na maneno yenye utata, unafasiriwa kwa manufaa ya mnunuzi.

Sheria hiyo pia inakataza maelezo ya uongo. Kuuza kitu kilichotumika kwa jina la kipya, kudai kwamba kina sifa au kibali ambacho hakina, au kusema vipuri vyake vinapatikana ilhali havipatikani, yote ni makosa. Mnunuzi aliyedanganywa hivyo anaweza kuuvunja mkataba na kudai pesa zake, mradi atoe ilani katika muda wa mwaka mmoja.

Lakini mnunuzi asichanganye kasoro na kubadilisha nia. Aliyenunua rinda la rangi ya samawati kisha akatamani la kijani hana dai lolote la kisheria, na hapo ndipo lile onyo la risiti lina maana. Mwenye duka akimbadilishia, huo ni wema wake na mbinu nzuri ya kuvuta wateja.

Pembejeo: Hasara ya msimu mzima

Katika Kaunti ya Kirinyaga, bidhaa mbovu si kero ya nyumbani tu. Hapa ni eneo la chai na kahawa kwenye miinuko, mchele katika nyanda za Mwea, na nyanya, mahindi, ndizi na maharagwe katikati. Mbegu isiyoota haimgharimu mkulima bei ya pakiti pekee. Inamgharimu kodi ya shamba, vibarua, mbolea na mvua ambayo haitarudi hadi msimu mwingine. Kufikia wakati anapogundua udanganyifu, wiki zimepita na pakiti imeshatupwa au kuchomwa.

Tukio la 2024 lilionyesha ukubwa wa hatari hiyo. Mnamo Machi mwaka huo, wanahabari wapekuzi walifichua kwamba baadhi ya magunia yaliyouzwa kwa wakulima katika mpango wa ruzuku hayakuwa na mbolea inayofaa. Magunia hayo yalikuwa yamepitia maghala ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, NCPB, taasisi ambayo wakulima wengi waliiamini kuliko duka lolote la binafsi. Mnamo Mei 2, 2024, Bunge la Kitaifa lilipiga kura ya kumtimua aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Bw Mithika Linturi. Kamati maalumu iliyochunguza mashtaka ilimwondolea lawama siku chache baadaye. Serikali iliahidi kuwafidia wakulima walioathiriwa.

Katika mpango ule wa ruzuku, mkulima aliyesajiliwa alipokea ujumbe wa simu uliomruhusu kununua idadi fulani ya magunia. Kwa hivyo palikuwa na rekodi ya nani alinunua nini na lini. Mkulima anayenunua dawa au mbegu kwa pesa taslimu katika duka la pembejeo, bila risiti, hana hata hicho. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na methali hiyo inamfaa mnunuzi sawa na inavyomfaa mwuzaji.

Kuhusu mbegu, Shirika la Kukagua Ubora wa Mimea, KEPHIS, huweka kwenye pakiti za mbegu zilizoidhinishwa kibandiko chenye nambari ya siri. Mkulima anakikwangua na kuituma nambari hiyo kwa ujumbe mfupi hadi 1393, kisha anapokea jibu kuhusu mbegu hiyo. Shughuli hiyo huchukua dakika chache na yafaa ifanywe ukiwa ungali mbele ya mwuzaji. Pakiti ihifadhiwe hadi mavuno, pamoja na risiti na kiasi kidogo cha mbegu zilizosalia, kwa kuwa ndizo zitakazopelekwa kwa uchunguzi iwapo shamba litakosa kuota.

Nembo, mizani na mchele wa Mwea

Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lililoanzishwa mwaka wa 1974, ndilo lenye jukumu la kuweka viwango. Bidhaa zinazotengenezwa nchini hubeba nembo ya ubora yenye nambari ya kibali. Mnunuzi anaweza kuandika herufi SM, alama ya reli, yaani #, kisha nambari hiyo, na kuutuma ujumbe hadi 20023 ili ajue kama kibali ni halali na ni cha bidhaa ipi. Bidhaa zinazoagizwa kutoka nje zina kibandiko chake, na tangu 2005 zimekuwa zikihitajika kukaguliwa katika nchi zinakotoka kabla ya kusafirishwa.

Nembo pekee si kinga kamili, kwani nayo hughushiwa. Ndiyo maana kuithibitisha nambari kwa simu kuna maana kuliko kuitazama tu. Hata bidhaa yenye kibali cha kweli inaweza kushuka ubora baadaye: Novemba 2019, KEBS ilipiga marufuku unga wa mahindi wa kampuni tano zilizokuwa na leseni, baada ya vipimo kuonyesha kiwango cha sumukuvu kinachozidi kile kilichoruhusiwa.

Kwa wakazi wa Kirinyaga, udanganyifu unaowaudhi wengi hutokea katika zao lao wenyewe. Pishori ya Mwea inajulikana kwa harufu yake nzuri na huuzwa kwa bei ya juu. Wapo wafanyabiashara wanaoichanganya na mchele wa bei nafuu kutoka nje, kisha wakaandika Pishori halisi kwenye gunia. Mla mchele anapunjwa, na mkulima wa Wang'uru naye anapunjwa mara mbili: jina la zao lake linachafuliwa na bei yake inashuka. Hilo ni kosa chini ya sheria inayohusu maelezo ya bidhaa, Sura ya 505. Wala mnunuzi hahitaji maabara ili ashuku. Punje zisizolingana urefu na wali usionukia vinatosha kumfanya aulize maswali.

Upungufu wa uzani nao una sheria yake, Sura ya 513, inayotaka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Anayeshuku kwamba kilo yake ya nyama au gunia lake la viazi halikutimia anaweza kuwaita maafisa wa mizani na vipimo walio katika idara ya biashara ya kaunti. Mtungi wa gesi nao unaweza kupimwa kwa urahisi, kwani uzani wa mtungi mtupu huandikwa juu yake. Uzani huo ukitolewa kwenye uzani wa mtungi uliojaa, kinachobaki ndicho kiasi cha gesi kilicholipiwa.

Ipo pia mifano ambapo bidhaa isiyofaa haikuleta hasara ya pesa bali ya uhai. Februari 2024, watu wasiopungua 17 walifariki baada ya kunywa pombe yenye sumu katika kijiji cha Kang'ai, Mwea Magharibi. Serikali ilisema kwamba pombe hiyo ilitokana na shehena iliyokuwa imehifadhiwa kama ushahidi katika kituo cha polisi cha Kiamaciri. Msiba huo uliwakumbusha wakazi kwamba ulinzi wa mnunuzi unaweza kubomoka hata pale panapotarajiwa kuwa ngome yake.

Mafundi na gereji

Malalamishi mengine mengi huhusu ukarabati. Mwenye gari, pikipiki au televisheni huambiwa arudi kesho, na kesho hiyo ikageuka wiki tatu. Anapokipata chombo chake, bei imepanda maradufu, kipuri kizuri kimetolewa na kibovu kimewekwa.

Sheria ya 2012 imetenga sehemu nzima kwa ajili ya ukarabati wa magari na vyombo vingine. Fundi anatakiwa kumpa mteja makadirio ya gharama kabla ya kuanza kazi, na asifanye kazi ambayo mteja hajaikubali. Vipuri vilivyotolewa vinapaswa kurudishwa kwa mteja akivitaka. Kwa gari, vipuri vilivyowekwa na kazi yenyewe vina dhamana ya siku 90 au kilomita 5,000, kutegemea kitakachotangulia.

Ni kweli kwamba mafundi wengi wa jua kali hawajawahi kuisikia sheria hiyo, na mteja atakayewasomea vifungu ataonekana mgomvi. Lakini hakuna anayemkataza kuandika makadirio kwenye karatasi, au kumtumia fundi ujumbe wa simu unaosema kazi gani itafanywa na kwa shilingi ngapi. Jibu la fundi, hata likiwa neno moja la kukubali, ni ushahidi.

Umeme, simu na ofisi za serikali

Huduma mbovu haiishi kwenye kaunta ya duka. Umeme unaporudi kwa kishindo na kuunguza jokofu la mwuza maziwa, Sheria ya Kawi ya 2019 inampa nafasi ya kudai fidia kwa kampuni inayomsambazia, na akipuuzwa, kupeleka lalama kwa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Mafuta, EPRA. Mteja wa simu aliyekatwa salio kwa huduma asiyoiomba huanzia kwa kampuni yake, kisha Mamlaka ya Mawasiliano.

Kwa ofisi za serikali, pale mwananchi anapozungushwa kutoka dirisha hadi dirisha, Ibara ya 47 ya Katiba inampa haki ya kuhudumiwa kwa haraka, kwa njia halali na ya haki. Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ofisi ya Ombudsman, iliundwa kwa sheria ya 2011 ili kusikiza malalamishi ya aina hiyo, na haimtozi mlalamishi ada.

Katika taasisi zote hizo, swali la kwanza huwa moja: je, umemlalamikia aliyekuhudumia, na alikujibu nini? Anayeruka hatua hiyo mara nyingi hurudishwa nyuma.

Nani abebe lawama

Mwenye duka wa Kerugoya naye ana kilio chake. Bidhaa nyingi za umeme na vyombo vya nyumbani huzinunua kwa jumla Nairobi, katika mitaa kama vile Kamukunji na barabara za Luthuli na River Road. Analipa pesa taslimu, anazipakia kwenye matatu au lori, na akigundua kasoro anakumbana na onyo lilelile analowaonyesha wateja wake. Ndiyo maana wengi hushikilia msimamo wao. Akimrudishia mteja pesa, hasara yote itabaki kwake.

Hata hivyo, sheria haimtaki mnunuzi amwandame mwagizaji asiyemjua. Mkataba wake ni na mwenye duka, naye mwenye duka ana haki iyo hiyo ya kumdai aliyemwuzia. Ikiwa kila mmoja atakataa, mzigo humwangukia mtu wa mwisho, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote.

Mtengenezaji pia hawezi kujificha. Mnamo Agosti 1928, mwanamke mmoja aliyekuwa katika mkahawa mjini Paisley, Scotland, aliugua baada ya kunywa kinywaji ambacho, kwa madai yake, kilikuwa na konokono aliyeoza ndani ya chupa. Kinywaji kilikuwa kimenunuliwa na rafiki yake, kwa hivyo yeye hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Mwaka wa 1932, mahakama ya juu zaidi ya Uingereza iliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa yeyote atakayekitumia alichokitengeneza. Kanuni ya kesi hiyo, Donoghue dhidi ya Stevenson, inafuatwa pia na mahakama za Kenya. Kwa sababu hiyo, mtoto aliyeumizwa na kifaa kilichonunuliwa na mzazi wake ana dai lake mwenyewe.

Hatua za kufuata

Mnunuzi aliyegundua kasoro anashauriwa aache kukitumia kifaa mara moja. Kuendelea kukitumia, au kumpa fundi wa mtaani akifungue, humpa mwuzaji nafasi ya kusema kwamba kiliharibiwa nyumbani. Sanduku, kijitabu cha maelezo, kadi ya dhamana na nambari ya kifaa vihifadhiwe, na picha zipigwe zikionyesha kasoro.

Kisha arudi dukani upesi. Jambo la siku tatu husikizwa kwa namna tofauti na jambo la miezi mitatu. Ni vyema aende saa ambayo mwenye duka mwenyewe yupo, badala ya kubishana na kijana wa kaunta asiye na mamlaka ya kufungua droo ya pesa. Aeleze tatizo kwa utulivu na aseme anachotaka: kitengenezwe, kibadilishwe au arudishiwe pesa. Anayelalamika bila kusema anataka nini hurahisisha kazi ya kumpuuza.

Ikiwa risiti imepotea, ujumbe wa M-Pesa wa malipo unaweza kuonyesha jina la biashara, tarehe na kiasi. Kasoro ya ujumbe huo ni kwamba hausemi ni bidhaa gani iliyonunuliwa. Kwa hivyo risiti yenye jina la bidhaa inabaki kuwa bora, na mteja ana haki ya kuiomba bila kuona haya, hata kwa kitu cha Sh300.

Mwuzaji akikataa, hatua ya pili ni barua. Haihitaji wakili wala Kiingereza. Itaje tarehe ya ununuzi, bei, kasoro, siku mteja aliporudi dukani na jibu alilopewa, kisha itoe muda, kwa mfano siku 14, wa kurekebisha jambo hilo. Nakala ibaki kwa mteja. Wenye maduka wengi wanaopuuza maneno ya mdomo hubadilika wanapopokea karatasi yenye tarehe.

Hatua ya tatu ni kwa shirika linalohusika. Bidhaa ya kiwango duni ni ya KEBS, ambayo ina ofisi mjini Nyeri na nambari ya simu ya bure, 1545. Bidhaa iliyoghushiwa jina ni ya Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi, iliyotokana na sheria ya 2008. Matangazo ya uongo na masharti ya kunyanyasa wateja ni ya Mamlaka ya Ushindani, chini ya sheria ya 2010. Mashirika hayo yanaweza kuchunguza, kunasa bidhaa na kutoza adhabu. Lakini mnunuzi aelewe kwamba faini huenda serikalini. Fidia yake yeye mwenyewe kwa kawaida huipata kwa maelewano au mahakamani.

Mahakama ya Madai Madogo

Kwa muda mrefu, neno mahakama liliwafanya wengi wasalimu amri. Nani angemlipa wakili maelfu ya shilingi ili adai pasi ya Sh2,000? Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 ilikusudiwa kuliondoa tatizo hilo. Mahakama ya kwanza ya aina hiyo ilianza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021, na nyingine zikafuata katika miji kadhaa.

Mahakama hiyo husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, kiwango kilichoongezwa mwaka wa 2020 kutoka Sh200,000. Miongoni mwa madai hayo ni yale yanayotokana na mikataba ya kuuza bidhaa au kutoa huduma. Mlalamishi anaweza kujitetea mwenyewe, anaweza kutumia Kiswahili, na mwamuzi hafungwi na kanuni kali za ushahidi. Kesi inapaswa kukamilika katika siku 60. Rufaa huenda Mahakama Kuu, na ni kwa hoja za kisheria pekee. Anayetaka kujua kesi yake ifunguliwe wapi anaweza kuuliza katika masjala ya mahakama ya Kerugoya, na ni muhimu asichelewe: kwa kawaida dai la mkataba hufa baada ya miaka sita, na la jeraha au uzembe baada ya miaka mitatu.

Sheria ya 2012 inatoa nafasi nyingine ambayo bado haitumiwi inavyostahili. Mnunuzi mmoja anaweza kufungua kesi kwa niaba ya wengine walioathiriwa kama yeye. Wakulima 40 waliouziwa mbegu moja isiyoota hawahitaji kesi 40. Chama cha ushirika au kikundi cha kina mama kina uwezo wa kukusanya risiti, pakiti na majina kwa wiki moja, jambo ambalo mtu binafsi angelishindwa.

Gharama ya kunyamaza

Pamoja na sheria zote hizi, malalamishi mengi yataendelea kuishia barazani. Sababu moja ni umbali na nauli. Nyingine ni ya kijamii. Katika mji kama Kerugoya, mwenye duka si mtu baki. Pengine mnasali kanisa moja, watoto wenu wanasoma pamoja, au ndiye aliyekukopesha unga mwezi ulipokuwa mgumu. Mtu anapima hasara ya Sh800 dhidi ya ujirani wa miaka 20, akaamua kumeza uchungu. Hupita kimyakimya na kununua kwingine, naye mwuzaji asijue kamwe kwa nini wateja wamepungua.

Uamuzi huo unaeleweka, ila una gharama kwa wengine. Shehena iliyomtoa mmoja machozi inabaki rafuni ikimngoja mwingine. Mwenye duka mwaminifu, anayekubali kupoteza faida ili abadilishe kifaa kibovu, anashindana na asiyejali, na bei ya huyo asiyejali siku zote itakuwa ya chini. Mwagizaji naye hapati habari yoyote kutoka mashinani, kwa hivyo anaagiza tena.

Biashara haigombi, walisema wazee, na kudai haki si kugomba. Mnunuzi anayerudi dukani siku ya pili, akiwa na risiti mkononi na sauti ya upole, anamsaidia hata mwenye duka kupata hoja ya kumpelekea aliyemwuzia. Iwapo atakataliwa, basi na aombe jambo moja zaidi kabla ya kuondoka: kukataliwa huko kuandikwe nyuma ya risiti ileile, kwa tarehe na sahihi. Wengi wa wanaoombwa kuandika hivyo hufikiri upya.